Mheshimiwa Aliyepima kwa Macho

Jirani yangu Mama Skola anadai kwamba siku Mheshimiwa Fortunatus Lyapembile alipoapishwa kuwa mbunge, alimpa Spika mkono, akaushikilia kupita kiasi, akamtazama toka kwenye wigi mpaka kwenye viatu, kisha akanong'ona: "Futi tano na inchi tisa. Mabega mapana. Tuongeze inchi mbili." Spika akaahirisha Bunge kwa siku kumi na nne.

Mama Skola hakuwepo. Ana shemeji yake anayefagia ukumbi wa Bunge, na huyo shemeji alisikia kwa masikio yake mawili, japo Mama Skola huyo huyo anasema siku hiyo shemeji alikuwa likizo. Mimi nimeishia darasa la saba, siwezi kubishana na mtu mwenye shemeji bungeni. Ila naamini. Mheshimiwa nimemfanyia kazi miaka sita, na yale macho nayajua.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Alhamisi saa nne kamili na kufungwa Alhamisi saa nne kamili. Nimeshapanga foleni mara mbili. Wa mbele yangu amezeekea pale.

*

Kabla hajawa Mheshimiwa tulimwita Bosi. Alikuwa na karakana njia panda, jina lake Pumzika Samani. Samani zenyewe zilikuwa za aina moja tu: majeneza. Fundi Komba alikuwa anachonga, mimi nashona kitambaa cha ndani. Satini nyeupe, marinda pembeni, na kimto kidogo cha kichwa ambacho hakuna aliyewahi kurudi kusema ni kigumu.

Kazi yetu ina adabu yake. Huwezi kwenda kwa wafiwa na futi mkononi ukaanza kupima, watakutoa mbio. Na marehemu naye huwezi kumwambia asimame wima. Kwa hiyo Bosi alijifundisha kupima watu mapema, wakiwa bado wanatembea. Alikuwa anapima kanisani watu wakienda kutoa sadaka. Alikuwa anapima sokoni. Kwenye harusi ndiko alikokuwa anapima vizuri zaidi, maana watu wakicheza wananyooka. Macho yanapanda, macho yanashuka, midomo inacheza kidogo, kwisha. Siku ya siku wafiwa wanafika wanalia, wanakuta sanduku lipo tayari, vanishi imeshakauka, na linamkaa marehemu kama vile alilijaribu. Watu wakasema Bosi ana karama.

Lakini karama hiyo ilileta tabia. Wakipita mbele ya karakana yetu, wengine walikuwa wanakunja magoti, wengine wanachechemea, ili kipimo kikosewe. Mgeni akifika mtaani anauliza, "Hivi huku kwenu mna ugonjwa wa miguu?" Tunamwambia hapana, ni njia panda tu, ukivuka utaona wananyooka.

*

Siasa ilimfuata misibani. Kila msiba alikuwepo, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na kila msiba humpa nafasi ya kusema maneno mawili mtu aliyetoa sanduku. Maneno mawili yakawa kumi, kumi yakawa hotuba. Mpinzani wake, mwalimu mstaafu, alikuwa anaita mikutano na watu hawaji. Bosi hakuita mkutano hata mmoja. Watu walikuwa wanakufa wenyewe.

Siku ya mdahalo mwalimu akasimama, akavua miwani, akasema, "Wananchi wenzangu, nawauliza swali dogo. Kweli mwuza majeneza anaweza kuwaletea zahanati?"

Uwanja mzima ukamgeukia Bosi. Hata mimi nilijikuta nimeacha kutafuna karanga.

Bosi akainuka polepole. "Mwalimu," akasema, "nakuheshimu. Lakini nijibu. Katika kata hii, nani anajua hasara ya kukosa zahanati kuliko mimi? Wewe unasoma magazetini. Mimi ninawavisha! Nawajua kwa majina, nawajua kwa inchi! Nipeni kura, nami nawaahidi zahanati ya kata, na ninaahidi jambo ambalo hakuna mwanasiasa amewahi kuwaahidi: nitakuwa pamoja nanyi mpaka mwisho!"

Watu walipiga makofi mpaka wengine wakalia. Mwalimu alipata kura arobaini na moja, na Mama Skola anadai anawajua wote.

*

Huko bungeni, Mama Skola anasema, mambo yalianza kwa bahati mbaya. Bosi hakuwa na nia mbaya. Mtu aliyezoea kupima hawezi kuacha kwa sababu ya kiapo. Akikaa anapanga mabega. Akisimama kuuliza swali, macho yanamshuka waziri hadi chini, midomo inacheza kidogo.

Mara ya kwanza alikuwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa wetu alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kuuliza—" macho yakapanda, yakashuka, na kabla hajamaliza, Waziri akaruka kutoka kitini: "Serikali imekubali!"

"Sijauliza bado," Mheshimiwa akasema.

"Serikali imekubali yote utakayouliza na ya nyongeza."

Tangu hapo mawaziri wakakosa raha. Waziri wa Ujenzi akawa anavaa viatu vya kisigino Jumatatu na kandambili Jumanne, ili kipimo kisitulie. Waziri wa Kilimo alihudhuria kikao kizima akiwa amechuchumaa, na alipoulizwa akajibu yupo karibu na wakulima. Mwishowe Bunge likatunga Kanuni ya Macho, isemayo: mbunge hataruhusiwa kumtazama mbunge mwenzake chini ya fundo la tai, na kwa wabunge wanawake, chini ya hereni. Kanuni ilipita kwa kauli moja. Mheshimiwa naye aliiunga mkono, kisha kesho yake akaja na miwani nyeusi.

Hapo ndipo ikawa balaa, maana sasa hakuna aliyejua ni nani anapimwa.

*

Kwa hofu hiyo zahanati yetu ilijengwa kwa siku arobaini. Nchi nzima ilishangaa, kwa sababu daraja la magogo la mtoni limeahidiwa tangu mama yangu hajaolewa. Walichagua kiwanja kilichopakana na karakana. Mlango wa mbele unatazama barabara, na mlango wa nyuma unafungukia uani kwetu, pale tunapoanikia mbao. Mheshimiwa aliita mpangilio huo huduma unganishi.

Zabuni ya vitanda ikaja Pumzika Samani, kwa kuwa ndiyo karakana pekee katika kata. Fundi Komba akakuna kichwa.

"Bosi, yaani Mheshimiwa, sisi vitanda hatujawahi."

"Komba, mtu analala?"

"Analala."

"Chali?"

"Chali, Mheshimiwa."

"Sasa ugumu uko wapi?"

Fundi Komba ni mtu mwema na mkono wake ni mwepesi, lakini mkono huo kwa miaka ishirini umejua njia moja tu. Alichonga vitanda sita vya mninga. Vyote vipana mabegani, vyembamba miguuni. Pembeni aliweka vishikio vya shaba, vitatu huku na vitatu huku. Mimi nikaletewa kitambaa cha mashuka, na niseme ukweli, sikuona kosa lolote mpaka nilipofunga uzi wa mwisho. Nilikuwa nimeshona satini nyeupe yenye marinda, na kimto nimekishonea hapo hapo kisidondoke.

Mheshimiwa alipokuja kukagua alikuta na mifuniko sita imepangwa ukutani.

"Hii nani kasema iwekwe?"

"Hakuna aliyesema isiwekwe," Fundi Komba akajibu.

Mheshimiwa akafikiri. "Iwekeni stoo. Tusiwatishe wananchi. Kila jambo na wakati wake."

Siku ya ufunguzi Waziri wa Afya alifungua zahanati bila kushuka garini. Mkono ulitoka dirishani na mkasi, ukakata utepe, ukarudi ndani, kioo kikapanda. Wali na nyama tulikula wenyewe.

Na ugonjwa ulipungua, nisidanganye. Mzee Tindwa aliingia anabebwa na wanawe wanne, akafumbua jicho moja, akaona kile kitanda, akatoka anakimbia. Mpaka leo anatembea vizuri tu. Mama mmoja aliyekuwa na homa wiki mbili alipona mlangoni. Mheshimiwa akasimama bungeni akatangaza kwamba zahanati yetu ndiyo yenye mafanikio kuliko zote nchini: tangu ifunguliwe, hakuna mgonjwa aliyelala hata siku moja.

*

Sasa yapo maradhi ya kukimbia na yapo mambo yasiyokimbika. Dada yangu Honorata alikuwa mjamzito.

Mimba yake ya kwanza tulimpeleka hospitali ya wilaya kwa baiskeli, maana gari hazivuki lile daraja la magogo. Nilikuwa nasukuma mimi, mumewe anamshika. Mtoto alizaliwa pale pale darajani, na hakulia. Honorata tangu siku hiyo hapiti darajani. Akiwa na safari anazunguka kwa juu, saa mbili zaidi, na hakuna anayemwuliza kwa nini.

Kwa hiyo zahanati ilipojengwa, nani alifurahi kuliko sisi? Ni hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu, nimezihesabu. Ina bati jipya, ina bango la marumaru lenye jina la Mheshimiwa, ina mlinzi anayelinda bango. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Mkunga.

Nikamfuata katibu wa ofisi ya mbunge. Ofisi yenyewe iko mbele ya karakana, na wananchi wanaosubiri hukalia bidhaa, maana mabenchi yako kwenye mchakato. Katibu ni kijana wa tai nyekundu, anaongea kama anasoma.

"Suala la mkunga," akasema, "lina utaratibu. Unajaza Fomu Namba Saba."

Nikaichukua, nikaisoma yote, mbele na nyuma. Nikamrudishia. "Kaka, hapa chini panasema fomu isainiwe na mkunga wa eneo, athibitishe kwamba hayupo."

"Ndiyo."

"Sasa kama hayupo atasainije?"

Akanitazama kwa huruma. "Dada, umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Basi ndiyo maana."

Nikaomba njia nyingine. Akanionyesha sanduku la maoni kwenye kona: andika barua, tumbukiza, Mheshimiwa husoma mwenyewe. Nikaandika barua kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipokwenda kuitumbukiza nikasita. Sanduku lilikuwa la futi mbili, la mvule, limetobolewa tundu juu. Nililitambua. Kitambaa cha ndani nilikishona mimi, mwaka ule wa darajani. Fundi Komba alikuwa ametengeneza mawili kwa sababu hakuwa na uhakika wa kipimo, likatumika moja.

Nilitumbukiza barua. Wiki iliyofuata nikatumbukiza nyingine, na ya tatu baada yake. Mimi ni mtu wa kusubiri, kazi ya sindano imenifundisha. Siku moja nikamuuliza katibu ufunguo wa sanduku uko kwa nani.

"Kwa Kamati ya Ufunguzi wa Maoni."

"Na kamati iko wapi?"

"Wananchi bado hawajatoa maoni kuhusu wajumbe wake. Wakitoa, yatakuwa humo ndani."

*

Honorata alipoingia mwezi wa tisa, tumbo likashuka. Jioni tunakaa mlangoni, anakanda miguu, mimi namenya viazi.

"Paska, vile vitanda vyenu mimi silali."

"Utalala wapi?"

"Nitazalia chini, kwenye mkeka."

"Na chini kuna mkunga?"

Akacheka, akashika kiuno. "Huko chini kuna siafu tu." Halafu akaacha kucheka. "Nisirudishwe darajani, Paska. Nakuomba hilo moja."

Mama Skola alikuwa anasikiliza kutoka uani kwake, kama desturi. Akaja na taarifa: Jumamosi Mheshimiwa anarudi jimboni kuadhimisha mwaka mmoja wa utumishi, na atasikiliza kero za wananchi ana kwa ana.

"Mwende," akasema. "Wote wawili. Tumbo lisimame mbele, lijieleze lenyewe. Na wewe Paska ndiye useme. Wengine tukisema tunaonekana wapinzani. Wewe umemshonea miaka sita, atakuonea haya."

"Mheshimiwa ana haya?"

"Shemeji anasema aliwahi kuonekana nayo."

*

Jumamosi tulijipanga mbele ya zahanati. Watu wengi walisimama wamekunja magoti, kwa mazoea tu. Mheshimiwa akashuka kwenye gari refu jeusi lenye mapazia ya zambarau dirishani. Mapazia hayo niliyashona mimi. Alikuwa amenenepa, na miwani nyeusi imemkaa vizuri.

"Ndugu zangu," akaanza, "katika mwaka mmoja nimesimama bungeni mara themanini, na nimekaa mara themanini. Hakuna kusimama kwangu ambako hakukufuatiwa na kukaa. Huo ndio uwajibikaji! Walisema mwuza majeneza hataleta zahanati. Je, haipo?"

"Ipo!"

"Je, kuna mgonjwa ndani?"

"Hayupo!"

"Basi kazi imefanyika. Sasa naruhusu kero. Ziwe fupi, na ziwe za shukrani."

Mzee mmoja alishukuru kwa bango. Mwingine akashukuru kwa mlinzi. Mzee Tindwa alishukuru kwa kitanda, akasema kilimponya, na akaomba asikione tena. Kisha Mama Skola akanisukuma kwa kiwiko.

Nikasogea mbele, Honorata nyuma yangu kidogo. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba! Aah, Paskalina! Wananchi, huyu ni binti yangu, mikono ya dhahabu hii. Karakana inaendaje?"

"Inaendelea, Mheshimiwa. Nina ombi."

"Sema, mwanangu. Kitambaa kimekwisha?"

"Kitambaa kipo. Naomba mkunga. Mmoja tu. Zahanati ipo, vitanda vipo, mkunga hayupo. Huyu ni dada yangu, Honorata, unamkumbuka. Yuko kwenye mwezi wake. Hatuna njia nyingine ya haraka ila ile ya darajani."

Mheshimiwa alikunja uso kama mtu anayetaka kukumbuka, na nadhani alikumbuka kweli, maana alivua ile miwani. Nikafurahi. Nikajisemea, leo ataona kwa macho yake mwenyewe.

Akamtazama Honorata. Macho yakaanza utosini. Yakashuka mabegani, yakatulia hapo. Yakashuka tumboni, yakazunguka kidogo, kama yanatafuta namna. Yakafika miguuni. Kisha, polepole, midomo ikaanza kucheza.

Sijui nani aliniambia nifanye nilichofanya. Nilivua kanga yangu ya begani, nikaishika ncha mbili, nikaitandaza mbele ya dada yangu kuanzia utosi hadi kwenye vidole vya miguu, kama pazia. Kanga niliinyoosha. Sijawahi kunyoosha kitambaa vile.

Nilipogeuza kichwa, niliona kwamba watu wote waliokuwa wamekunja magoti wamesimama wima.

"Mheshimiwa," nikasema, "sikuomba kipimo. Nimeomba mkunga."

Nyuma ya kanga, Honorata alishika kiuno akavuta pumzi ndefu, ile ya kwanza ya uchungu. Mbele ya kanga, Mheshimiwa alikuwa bado anatazama kitambaa, midomo imesimama katikati ya namba.

"Mkunga, Mheshimiwa?" nikauliza tena.